Kabla hujanunua betri nyingine, kagua waya: niliyowaambia wenye magari ya zamani

Shikamooni wazee wangu, na vijana mambo vipi. Ahsanteni kwa kuja na jua lote hili la Tanga. Niliombwa niongelee betri lakini naomba mniruhusu nisogee kidogo, niongelee waya za betri, kwasababu kwenye hizi gari zetu za zamani, Corolla za miaka ya tisini, Hilux za kizamani, Peugeot 504 za wazee, Land Rover, betri inalaumiwa sana kwa kosa ambalo mara nyingi sio lake. (Kwa mliokosa kuja, nimeandika kama nilivyoongea, nimeongezea tu vipimo.)

Kuna mama mmoja, mwalimu, aliletwa kwangu akivutwa kamba. Betri mpya kabisa bado ina stika, na aliyemuuzia amemwambia sasa stata ndo imekufa, aandae hela ya stata. Nikamwambia mama subiri kwanza. Nikachukua waya mmoja tu wa kubustia, upande mmoja nikabana kwenye negativu ya betri, upande wa pili nikabana kwenye chuma cha injini, nikamwambia piga ufunguo. Gari ikawaka hapo hapo. Waya wake wa ethi, ule wa negativu unaorudisha umeme kwenye betri, ukiuangalia kwa nje ulikuwa mzima, mweusi mzuri, ila nilipoukata ndani kulikuwa unga wa kijani na nyuzi chache za shaba zimebaki zimeshikana shikana. Angenunua stata na gari ingeendelea kugoma vile vile, na angerudi kuambiwa betri tena.

Hiyo ndo sababu ya kuongea leo. Pesa zinatupwa kwenye betri na stata wakati njia ya kati hapo imeziba.

Sasa tuielewe hiyo njia. Taa za ndani, redio, honi, hivyo vyote vinakula umeme kidogo. Stata ndo mlaji mkubwa wa gari nzima, injini ndogo ya petroli ya silinda nne stata inavuta kwenye ampia 100 mpaka 200, na dizeli inaweza kupita 300. Ndo maana unakuta mtu anakwambia "fundi, betri haina shida, mbona taa zinawaka vizuri", akipiga stata zinafifia zote alafu unasikia tik, tik. Waya uliooza unatosha kabisa kuwasha taa lakini ukiuambia upitishe ampia 150 unashindwa, ni kama kunywa uji mzito kwa mrija wa soda, uji upo, nia ipo, haupiti.

Hesabu yake sio ngumu na naomba muishike kwasababu ndo itawaokoa dukani. Shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba, urefu mita moja, ina ukinzani, yaani ule ugumu wa kupitisha umeme, wa ohmu 0.017 hivi. Chukua kebo ya 16, yaani shaba ya ndani ni milimita 16 za mraba, jumla ya mita 2 ukihesabu kwenda kwenye stata na kurudi kwenye ethi. Stata ikivuta ampia 150 unapoteza volti 0.3 njiani. Kebo ya 25 unapoteza kama 0.2. Kebo ya 10, ambayo kuna watu wanaifunga kwenye magari na kupokea hela, unapoteza nusu volti na hapo bado sijaweka kutu kwenye maungio. Utasema nusu volti ni nini? Betri nzima ya volti 12 wakati stata inazunguka inashuka mpaka 10 na kitu, hapo hapo koili ya moto inahitaji umeme wake, kwahiyo kila punje unayoipoteza kwenye waya inatolewa kwenye mzunguko wa injini na kwenye cheche ya plagi. Na iliyopotea haiendi hewani bure, inageuka joto, kwenye hiyo kebo ya 10 ni zaidi ya wati 70 zinachemsha waya wako.

Joto lenyewe ni tatizo lingine. Shaba ikipata moto ukinzani unapanda, karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya joto, sasa waya uliopita karibu na eksosi ukafika nyuzi 80 unakuwa umepandisha ukinzani kwa zaidi ya asilimia 20. Wale ambao gari asubuhi inawaka, ukitoka nayo Muheza ukazima sokoni inagoma, ikipoa inawaka tena, sisemi kila mara ni waya, stata yenyewe nayo huchoka kwa joto, ila waya ni rahisi kukagua kuliko kushusha stata, anza nao.

Na sisi huku pwani tuna adui wa ziada. Mvuke wa asidi unatoka kwenye betri, hewa ya chumvi inatoka baharini, vyote vinaingia pale ambapo ganda linaishia kwenye terminali, kile kichwa cha waya kinachobana nguzo ya betri, alafu vinatambaa kwa ndani ya ganda taratibu miaka na miaka. Kwahiyo kusugua terminali ikang'aa haimaanishi umeponya waya. Uminye kwa vidole karibu na kichwa, ukisikia umevimba, au ni mgumu kama fimbo, au unasikia kitu kinasagika ndani kama mchanga, huo umekwisha.

Kupima kwa mita ni bora kuliko kubahatisha na mita ya bei ndogo tu inatosha. Toa waya wa koili au fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini isiwake, weka mita kwenye volti 20 za DC, waya mwekundu wa mita ushikize kwenye nguzo yenyewe ya positivu, ile risasi inayochomoza, usiushikize kwenye terminali, na mweusi ushikize kwenye nati ya stata inapoingia kebo kubwa. Mwenzako apige ufunguo sekunde chache. Mita ikisoma chini ya nusu volti uko sawa. Alafu upande wa ethi, mweusi kwenye nguzo ya negativu, mwekundu kwenye chuma kisafi cha injini, piga tena, hapa isizidi 0.2. Ikizidi, sogea hatua moja moja, nguzo na terminali, terminali na waya, waya na boliti, mpaka uone volti zinapotelea wapi. Huna mita? Ile mbinu ya waya wa kubustia niliyoifanya kwa yule mwalimu mtu yeyote anaweza, na inakupa jibu la ethi bila kufungua kitu.

Haya, umegundua waya umekufa, unaenda dukani. Hapa ndo nataka tukae kidogo maana ndo watu wanapoibiwa.

La kwanza kabisa, usinunue unene wa ganda. Unaletewa waya mnene kama kidole gumba, mwekundu unavutia, ukiukata ganda ni nusu nzima na shaba katikati ni uzi. Mwambie muuzaji kata hapa mwisho nione. Akikataa nenda duka la pili. Ukiona nyuzi, pima upana wa fungu la nyuzi bila ganda, kebo ya 16 ya nyuzi nyingi inakuwa milimita 5 na nusu mpaka 6 hivi, ya 25 inakaribia 7, ya 35 ni 8 na kitu. Sio kipimo cha maabara lakini mtu hawezi kukuuzia ya 10 akikuita 25.

La pili, je ni shaba kweli? Siku hizi zimejaa kebo za aluminiamu iliyopakwa shaba kwa juu, nyuzi zinang'aa rangi nyekundu ile ile ila ndani ni nyeupe. Aluminiamu inapitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba, hiyo iliyopakwa inafika kwenye 65, kwahiyo kebo ya 16 ya namna hiyo inafanya kazi ya kebo ya 10 ya shaba. Na inakatika haraka kwa mtikisiko, na ikiguswa na asidi na chumvi yetu hii inaoza vibaya mno. Kuitambua, chukua uzi mmoja ukwangue kwa wembe, ukiona fedha ndani acha. Au uweke kwenye moto wa kiberiti cha gesi, aluminiamu inayeyuka nyuzi 660, shaba mpaka ipite 1080, kwahiyo uzi mwembamba wa shaba utawaka mwekundu na kubaki, ule mwingine utajikunja na kudondoka. Na uzito, shaba ni nzito zaidi ya mara tatu ya aluminiamu, ukishika mkononi kebo mbili zenye unene sawa utajua bila kuambiwa. Sumaku haisaidii hapa maana aluminiamu nayo haishikwi, sumaku itakuonyesha tu kama wameweka chuma ndani, na hayo yapo pia.

Hata waya za kubustia zile za kwenye mkoba wa zipu, nyingi ndo hiyo hiyo. Mtu anabustiwa nusu saa gari haiwaki anasema betri ya mwenzangu mbovu.

Tatu, nyuzi ziwe nyingi na nyembamba. Kebo ya umeme wa nyumba ya 16 ni shaba nzuri sana ila ina nyuzi 7 nene, hiyo imetengenezwa ikae ukutani itulie, ukiifunga kwenye injini inayotetemeka nyuzi zinakatika moja moja karibu na kichwa. Tafuta kebo laini inayopinda. Mkienda Dar, Gerezani pale Kariakoo zipo kebo za mashine ya kuchomelea za mita, zenye ganda la mpira, laini mno, na maduka ya sola sasa hivi kila mji yana kebo laini za 16, 25 na 35 nyekundu na nyeusi. Mimi binafsi napenda hizi za sola za shaba kwasababu ganda lake nyingi linavumilia joto na mafuta, ile ya kuchomelea ni nzuri ila baadhi ganda lake likikaa na oili muda mrefu linalainika. Kama ni kebo ya kiwandani ya gari soma maandishi kwenye ganda, ukiona SAE J1127 hiyo ni kanuni ya kebo za betri, na herufi SGX maana yake ganda ni la kuvumilia joto kuliko SGT ambayo ni plastiki ya kawaida. Maandishi mtu anaweza kuyachapa tu, kwahiyo hata ukiyaona, kwangua.

Unene gani kwa gari gani? Sitaki kuwapa sheria ya moja kwa moja, ila Corolla, Starlet, 504 ya petroli, betri iko mbele karibu na stata, ya 25 inatosha vizuri sana. Dizeli kama Hilux au Land Cruiser nenda 50, hata 70. Kama betri iko mbali ongeza hatua moja, mfano Volkswagen Beetle betri iko chini ya siti ya nyuma, Land Rover Defender chini ya siti ya mbele, Mini za zamani ziko kwenye buti na kebo inatembea gari nzima mpaka mbele. Urefu ukiongezeka mara mbili ukinzani nao mara mbili, hakuna ujanja. Kuna Land Cruiser za dizeli za miaka ya 1980 zinawasha kwa volti 24, betri mbili, zile stata inavuta ampia kidogo kwa nguvu ile ile, ila ule waya mfupi wa kuunganisha betri na betri watu wanausahau kabisa na ndo unaooza.

Na ethi iwe nene sawa na positivu! Nasema kwa sauti kwasababu naona kila siku, mtu kaweka kebo nzuri nyekundu, upande wa ethi kamba ya viatu. Umeme wote uliokwenda lazima urudi. Alafu ethi ziko mbili, moja kutoka betri kwenda kwenye injini au gia boksi, nyingine injini kwenda bodi. Injini imekalia mipira, mpira haupitishi umeme, kwahiyo ule waya wa injini ukikosekana umeme wa stata unatafuta njia nyingine, unapita kwenye kebo ya mafuta, kwenye kebo ya choki, na utaona kebo ya mafuta inatoa moshi au inanata ukikanyaga, mtu anabadilisha kebo ya mafuta mara nyingi bila kujua inaunguzwa na nini. Ukifunga ethi kwangua rangi mpaka chuma kiwe cheupe, funga, kaza, ndo upake grisi juu. Usipake rangi kwanza, usifunge juu ya rangi.

Tukija kwenye vichwa. Kebo nzuri yenye kichwa kibovu ni bure. Lagi, kile kichwa chenye tundu la boliti, iwe ya shaba iliyopakwa bati, tundu lilingane na boliti, stata nyingi za Kijapani ni M8, yaani boliti ya milimita 8, ethi za bodi nyingi M6, lagi yenye tundu kubwa kuliko boliti inagusa pembeni tu. Na ibanwe kwa mashine ya haidroliki. Najua gereji nyingi tunabana kwa nyundo na plaizi, mafundi wenzangu mnisamehe, hiyo haitoshi, ukikata kwa msumeno lagi iliyobanwa vizuri utaona nyuzi zimekuwa kitu kimoja, iliyopigwa nyundo ina mapengo na mapengo ndo nyumba ya kutu. Mashine ya kubana mafundi wa sola na wa umeme wa majengo wanayo, mpelekee lagi na kebo akubanie, ni kazi ya dakika chache. Kuunga kwa risasi ile ya mafundi redio, bila kubana, sikushauri, risasi inapanda juu ndani ya nyuzi inazifanya ngumu na zinakatikia pale ugumu unapoishia, na waya ukipata moto sana inaachia. Mwisho valisha ule mpira unaosinyaa ukipashwa moto, wenye gundi ndani, ufunike kuanzia lagi mpaka juu ya ganda. Pwani huo sio urembo.

Zile terminali za bei ndogo zenye kibati na boliti mbili za kubania waya juu, ni za kukufikisha nyumbani ukiharibikiwa. Nyuzi ziko wazi zinakunywa asidi.

Sasa hili la nguzo wengi hawalijui. Nguzo za betri ziko nene na nyembamba. Nene positivu ni milimita 19.5 na negativu 17.9, nyembamba positivu ni 14.7 na negativu 13. Corolla na Starlet nyingi zilizotoka Japan zinakuja na terminali nyembamba. Betri ikiandikwa 46B24L ni nguzo nyembamba, 46B24LS ni nene, ile S ya mwisho ndo inabadilisha kila kitu, na hizi kubwa za N50 na N70 ni nene. Mtu ananunua betri ya nguzo nene, fundi anafungua terminali nyembamba kwa bisibisi na nyundo mpaka inapasuka. Au kinyume chake, nguzo nyembamba terminali nene, wanajaza bati la kopo la soda, wanapigilia msumari. Msumari ni chuma, unashika kutu, na unagusa mahali padogo tu. Agiza terminali inayolingana, au nunua zile pete za risasi za kuvalisha nguzo nyembamba zinene, zipo na sio ghali.

Na wazee wenye Land Rover za Series za kabla ya 1967, au Morris na Austin za wakati huo, nyingi ethi yake ni positivu. Msinunue seti ya waya iliyotengenezwa kabla hamjaangalia, kwasababu terminali ya ethi itakuja ndogo ya negativu wakati nyinyi mnahitaji ile kubwa, na rangi zitawachanganya, fundi kijana akiona nyekundu imeenda bodi atadhani imekosewa atageuza. Mwandikieni kwenye boneti.

Kufunga, negativu inatoka kwanza na inarudi mwisho, ili spana ikigusa bodi wakati unafungua positivu kusiwe na kitu. (Gari za ethi positivu ni kinyume, inatoka kwanza ile ya ethi.) Kebo ya stata haina fyuzi, ikichubuka ikagusa chuma hakuna kitakachoizuia mpaka iwake moto, kwahiyo iende mbali na eksosi, ivae mpira wa mikunjo, na inapotoboa bati iwe na mpira wa tundu. Na kama kwenye positivu ya zamani kulikuwa na kile kiwaya chembamba cha kinga kinachopeleka umeme kwenye boksi la fyuzi, kihamishie kwenye mpya, usiunge moja kwa moja, kile kiliwekwa ili kiungue chenyewe kabla gari haijaungua.

Maswali. Kijana hapa nyuma ameuliza waya mtumba uliokatwa kwenye gari la Japan vipi. Jibu langu, nyingi ni shaba nzuri na vichwa vyake vya kiwandani ni bora kuliko tunavyobana mtaani, chukua, ila uminye kama nilivyosema na uangalie pale ganda linapoishia, ukiona kijani hata kidogo acha, maana hujui umekaa miaka mingapi.

Mzee wangu ameuliza, "mwanangu, mimi nina kebo mbili za 16 ndani, nikizifunga pamoja si zinakuwa 32?" Ndio mzee, zinakuwa, shaba mbili sambamba zinajumlika, mradi zote ni shaba, urefu sawa, na zinaingia kwenye lagi moja inayozitosha au lagi mbili zimelala pamoja kwenye boliti ile ile na nati imekazwa. Usizisokote tu mwishoni ukafunga tepu.

Na mama aliyeuliza kwanini terminali inalegea kila baada ya muda wakati alikaziwa vizuri. Mama, risasi ni laini, inajisogeza ikibanwa. Ukishafungiwa mpya, baada ya siku chache rudi ikazwe tena kidogo kwa spana namba 10, kidogo tu, ukikaza kwa nguvu zote unaivunja nguzo ya betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani mwagia maji ya moto yenye baking soda au magadi, yasiingie ndani ya betri, suuza, kausha, kaza, alafu paka vaselini juu.